Paka wa Nyumba Haingwa: Mbwa Mpya Anapoingia Nyumbani

(Mazungumzo na wakazi wa Raskazone na Chumbageni, Tanga. Waliokosa kufika wameomba niyaweke yote kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyosemwa, ila picha za ukutani nimezitoa.)

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyie watoto mliokaa mbele hapo kwa sababu mmesikia kuna habari za mbwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Nataka mikono juu. Nani kati yenu ana paka nyumbani? Naona. Karibu nyote, na aliyebaki ana paka wa jirani anayekula kwake. Nani ana mbwa? Haya. Na nani anataka kuongeza mbwa mwingine kwa sababu wezi wa betri na nyaya wamezidi mtaani? Ahaa. Mikono hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Tukienda kununua mbwa tunauliza mambo ya mbwa huyo tu. Ni mkali? Anabweka? Ni wa kienyeji au wa kizungu? Anakula nini? Bei gani? Hatuulizi: huyu niliye naye nyumbani itakuwaje kwake? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akimbilie juu ya bati. Na wakasema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Sasa nakuulizeni: ukimleta mbwa jioni, ukamfungua uani, paka akatoka mbio asirudi tena, nani kamwinga? Mbwa, au wewe?

Mama zangu mtanisamehe kwa mfano huu. Mwanamume ameaga asubuhi anakwenda kazini. Jioni anarudi amemshika mkono mke wa pili. Anamwambia wa kwanza, "Mkaribishe mwenzio, na kitanda chako mpishe." Hapo kuna usalama? (Kicheko.) Mbona mnacheka? Ndivyo tunavyowafanyia paka na mbwa wetu wa siku zote, halafu tunashangaa kwa nini nyumba haikaliki.

Nimefanya kazi ya mifugo mkoa huu, Pangani, Muheza, Mkinga, na hapa mjini, na wanyama wengi niliowaona wakigombana majumbani waligombanishwa na namna walivyokutanishwa. Kwa hiyo leo sitasema sana kuhusu mbwa. Nitasema kuhusu wewe unayefungua geti.

Nianze na jambo ambalo watu hulipita: afya. Huyu mgeni anatoka wapi? Kama umemnunua kwa kijana aliyekuwa amembeba kwapani stendi ya Kange, hana kadi, umri wake unakisiwa, basi mhesabu ni mgonjwa mpaka ithibitike kwamba ni mzima. Siku 14 akae peke yake. Banda lake, bakuli lake, maji yake. Ukitoka kwake, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamgusa mwenyeji. Ndani ya siku hizo apewe dawa ya minyoo, aogeshwe dawa ya kupe na viroboto, na chanjo zake zianze.

Kuna baba mmoja wa Makorora, fundi baiskeli, mtoto wake wa mbwa alikufa kwa kuhara damu. Akahuzunika, akafagia banda, akamwagia maji, akakaa miezi kadhaa, akanunua mwingine. Naye akaharisha damu. Akanifuata: "Bwana mifugo, mimi nimerogwa." Hakurogwa. Ugonjwa ule ni parvo, na kirusi chake hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Maji matupu hayakiondoi, sabuni ya kawaida haikiui. Kinachokiua ni klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa ikatoka uchafu, uiache ikae dakika 10. Kwenye udongo mtupu hata klorini haifui dafu. Dawa ya kweli ni chanjo: inaanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, mpaka afike wiki ya 16. Sindano moja haitoshi. Nasema tena kwa wale wanaopenda kusema "huyu kashachomwa": sindano moja haitoshi.

Mnadhani haya ni magonjwa ya vijibwa tu? Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia Serengeti. Kirusi kilitoka kwa mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi. Ukaua simba wapatao 1,000, theluthi moja hivi ya simba wote wa kule. Simba! Kama simba hakuhimili, mbwa wako aliyekonda atahimili?

Na hapo ng'ambo yetu, Pemba. Walichanja mbwa, kichaa cha mbwa kikatokomea mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena. Ikabidi kazi ianze upya, mpaka 2018 ndipo kikatokomea mara ya pili. Sasa niambieni, mbwa anaweza kuogelea kutoka bara mpaka Pemba? Hawezi. Mtu alimpandisha chombo. Mtu kama mimi na wewe, amepata mbwa mzuri, hakuuliza kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa mbwa huipata akiwa na miezi 3, na paka wako pia anastahili kuipata. Watu husahau paka.

Tuyaache ya daktari, tuje kwenye paka mwenyewe, maana hapo ndipo nilipokuja hasa.

Mama mmoja wa Chumbageni, nyumba yake ina uwanja mkubwa, kisima na mwembe, alikuwa na paka jike wa rangi ya manjano, mzee, kazaa mpaka kachoka. Kijana wake akaja na mbwa mkubwa kutoka Muheza. Alipofunguliwa tu akamwona paka amejikunja karibu na jiko la mkaa. Akamtimua, wakazunguka kisima. Watu kibarazani wanacheka. Kijana katoa simu, anachukua video. Paka akapanda mwembe, kutoka mwembeni akarukia ukutani, kutoka ukutani kwa jirani. Akakaa hukohuko. Anaitwa, haji. Mama akanijia analalamika kwamba paka hana shukrani, ameleweshwa na dagaa wa watu.

Hebu tumtazame mbwa yule. Siku ile alijifunza nini? Alijifunza kwamba nyumba hii mpya ina mchezo mmoja mtamu, kukimbiza kitu cha manjano, na wenye nyumba wakiuona mchezo huo wanafurahi. Mara moja inatosha. Mbwa akikimbiza hahitaji umpe kitu. Kule kukimbiza kwenyewe ndiko zawadi yake. Kwa hiyo mkisahau yote niliyosema leo, hili msilisahau: zile mbio za kwanza zisitokee. Ukizizuia za kwanza, umezuia nyingi. Ukiziacha, utapiga kelele mwaka mzima.

Unazizuiaje? Anza na pua. Mbwa ana seli za kunusia zaidi ya milioni 200. Sisi tuna milioni 5 au 6. Paka naye hayuko mbali. Hawa wanafaa wajuane kwa harufu kabla hawajaonana kwa macho. Chukua kipande cha kanga kuukuu. Mpanguse paka mashavuni, pale kati ya sharubu na sikio, maana hapo ndipo inapotoka ile harufu anayoipaka kwenye miguu ya meza na kwenye miguu yako akikuzunguka. Kitambaa hicho kaweke bandani, chini ya bakuli la mbwa. Kitambaa kingine mpanguse mbwa shingoni, ukilete ndani, ukiweke hatua mbili tatu kutoka pale lilipo bakuli la paka.

Sasa kaa umtazame. Atanyoosha shingo mbele huku miguu ya nyuma imebaki palepale, tayari kugeuka. Atanusa. Halafu ataachama nusu, mdomo wa juu umepanda, macho yameganda. Watoto husema paka anacheka. Hacheki, wala hajachukia. Juu ya kaakaa lake kuna kiungo kingine cha kunusia, na hapo anakitumia, anamsoma mgeni. Akimaliza akakipita kitambaa akaenda kula, kesho kisogeze karibu kidogo na bakuli. Akikifokea akaondoka na njaa, kirudishe nyuma. Hilo litachukua siku ngapi? Paka ndiye anayepanga. Wapo wa siku 3, wapo wa wiki 2. Kuna mmoja wa Ngamiani, wa mwalimu mstaafu, alikuwa na kiburi mpaka mwenyewe mwalimu akamvulia kofia, lakini naye alifika.

Baada ya pua, macho. Na hapa nyumba zetu zimetusaidia bila sisi kujua: dirisha lina nondo, mlango una grili. Paka ndani, mbwa nje kwenye kamba, kila mnyama na mtu wake. Mbwa amwone paka kwa mbali, umbali ambao ukimwita jina bado anasikia. Akikugeukia, mpe dagaa mmoja. Akimtazama paka, kisha akakutazama wewe, dagaa mwingine. Dakika 5, basi, fungeni dirisha. Msingoje mpaka abweke ndipo mwondoke. Ondokeni mambo yakiwa bado mazuri, kesho mrudi.

Mtajuaje kwamba bado ni mazuri? Mtazameni mwili. Mbwa anayetaka kujua tu, mwili wake unachezacheza, mdomo uko wazi, anatazama, anaacha, ananusa chini. Mbwa anayewinda anaganda. Mdomo umefungwa, masikio mbele, uzito wote umekwenda miguu ya mbele, na ukimwita jina lake hakusikii kabisa. Na mkia usiwadanganye. Watoto nisikilizeni: mkia uliosimama wima, mgumu, unatikisika harakaharaka kwa nchani, huo si furaha. Mmeelewa? Mkia ukitikisika haimaanishi njoo unishike.

Kuna jambo la dini hapa, nalisema kwa heshima. Wengi wetu tulio hapa tunafuata madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mawindo na wa mifugo ameruhusiwa, lakini ndani ya nyumba haingii. Wakati mwingine nawaona watu wakilieleza hili kwa kuona haya, kana kwamba mbwa wa Tanga anaonewa kwa kulala bandani. Ondoeni haya. Kwa paka, desturi hii ni neema. Ulaya na Marekani, anayefuga mbwa ndani huhangaika kufunga vijigeti milangoni ili paka apate walau chumba kimoja asikoingiliwa. Paka wetu chumba hicho anacho tayari: nyumba nzima. Kizingiti cha mlango ni mpaka, na mbwa akifundishwa mpaka huo tangu siku ya kwanza, nusu ya kazi imekwisha. Ila watu wote wa nyumba wawe na msimamo mmoja. Si baba anamzuia mchana, vijana wanamwingiza sebuleni usiku kutazama mpira.

Lakini uani je? Paka hakai ndani saa zote. Usiku ndipo anapotoka kwenda kazini kwake, na usiku huohuo ndipo mbwa anapofunguliwa. Basi mtengenezee njia ya juu. Ubao kutoka dirishani hadi paa la banda la kuku. Matofali mawili matatu yaliyotokeza ukutani. Tawi la mwembe linaloegemea paa, usilikate. Popote atakaposimama uani, awe na pa kupanda jirani. Chakula chake kiwe juu, mbwa asikifikie, na beseni lake la mchanga liwe ndani, maana mbwa hula kinyesi cha paka. Samahani kwa wenye chai mkononi.

Yule wa Chumbageni tulianza upya. Mbwa akarudi kwenye kamba, dirisha, dagaa, kila jioni. Paka akawekewa chakula juu ya ukuta, upande wa jirani kwanza, kikisogezwa taratibu kurudi nyumbani. Ilichukua zaidi ya mwezi. Sasa wanaishi. Msije mkadhani wanapendana. Paka anapita juu ya ukuta, mbwa ananyanyua kope moja, anaishusha. Mimi sijaona sababu ya kudai zaidi ya hapo.

Mtauliza, je, si bora kuleta mtoto wa mbwa? Mara nyingi ni bora. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza vijibwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, wakaonyesha kwamba yapo majuma machache ambayo akili ya mbwa iko wazi kupokea vitu vipya. Siku hizi tunahesabu kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Aliyemzoea paka ndani ya majuma hayo, paka kwake ni mtu wa nyumbani. Ila mtoto naye ana adha yake. Atamrukia paka mzee kutwa nzima akitaka mchezo. Akikwaruzwa puani mara moja, mwache, amefundishwa. Angalia tu macho yasije yakaumia. Na jiambieni ukweli mkiuziwa mbwa mkubwa aliyekuwa wa mawindo. Mbwa aliyezoeshwa kukamata na kuua wanyama wadogo, wengine hawatakaa na paka hata ufanye nini. Huyo usimchukue.

Haya. Mbwa kwa mbwa.

Hapa nitasikia methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Mlinzi mmoja wa ghala, njia ya bandarini, aliniambia hivyohivyo. Tajiri alileta mbwa wa pili. Mlinzi akasema, "Tuwaachie wapigane, wakishajua nani mkubwa watatulia." Wakawaachia. Mwenyeji akatoka na sikio limechanika, mgeni na mguu umetobolewa. Wakatulia? Kila mmoja alikaa kona yake anamlinda mwenzake. Usiku mzima macho yao yako kwao wawili. Na ghala nani analinda? Tajiri kanunua ulinzi, kapata ugomvi wa kulisha kila siku.

Wazo hili la "wajue nani mkubwa" lina asili yake. Mwaka 1947 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika juu ya mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel. Wamefungiwa, nafasi finyu, hawana pa kukimbilia, wakagombea ukubwa. Mmarekani David Mech akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1970. Lakini Mech huyohuyo alikwenda kuwaishi jirani mbwa mwitu porini, Kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna vita vya kugombea kiti. Aliyelieneza ndiye aliyelisahihisha. Sisi huku bado tunawapiganisha mbwa kwa habari za bustani ya Basel!

Basi wakutanisheni vipi? Si getini. Geti ni la mwenyeji, atalipigania. Nendeni ufukweni, hapo chini Raskazone, alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na watu hawajajaa. Mmoja amshike mwenyeji, mwingine mgeni. Anzeni mbalimbali, hatua 30, mkielekea upande mmoja, sambamba. Msiwaelekezane uso kwa uso. Kwa mbwa, kutazamana uso kwa uso ni shari. Tembeeni tu. Punguzeni umbali taratibu. Mmoja akikojoa, mwenzake apite baadaye anuse pale. Wameshasalimiana.

Mama mmoja wa Norwei, Turid Rugaas, amewafundisha watu wengi kuzisoma ishara ndogo za mbwa. Mbwa akijilamba pua, akapiga mwayo wakati hana usingizi, akageuza kichwa pembeni, akaanza ghafla kunusa mchanga usio na kitu, anasema sina ugomvi na wewe. Ukiona hivyo, mpe nafasi, mwendo uwe wa polepole, wa kuzunguka tao kidogo. Na mnyororo ulegee! Hili nitalisema mara tatu. Mnyororo ulegee. Ukiuvuta, unamnyanyua kifua, unamwinua kichwa, mwenzake anaona mtu aliyekuja kupigana. Mnyororo ulegee. Hofu yako wewe inateremka kwenye mnyororo mpaka shingoni kwake. Mnyororo ulegee.

Kisha rudini nyumbani pamoja, waingie getini pamoja. Kabla hamjatoka, mabakuli yameondolewa, mifupa imeokotwa. Chakula kila mmoja kona yake, hawaonani, na bakuli likiisha linaondolewa. Mwenyeji aanze kupewa, aanze kusemeshwa, pale anapolala palepale. Mgeni asipewe mahali pa mwenyeji hata kama mgeni ni wa kizungu amenunuliwa kwa laki kadhaa. Dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi, hasa dume akiwa amehasiwa. Majike wawili wakichukiana, kuwarudisha ni tabu.

Na msimpige mbwa akiunguruma. Najua hili halipendwi. Mtu anaona mbwa wake anamngurumia mgeni, anachukua fimbo: "Nyamaza!" Mbwa ananyamaza. Kesho na keshokutwa ananyamaza. Wiki ijayo anauma bila kuunguruma, na watu wanasema mbwa kabadilika ghafla. Hakubadilika, umemnyang'anya kengele. Akiunguruma, watenganishe, rudi nyuma hatua moja, ukaanze hapo.

Wakishikana kweli, usitie mkono. Kabisa. Ndoo ya maji, mifuniko ya sufuria igongwe, ubao upitishwe kati yao. Ukiumwa, au akiumwa mtoto, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima kwa saa. Si kupaka chumvi, si mafuta ya taa, si majani. Halafu hospitali ya Bombo, siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa kwenu na unampenda. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, karibu kila mtu hufa. Kabla ya dalili, sindano zinaokoa.

Kuku na mbuzi nitapita haraka, saa inakwenda. Kuku anakimbia na kupiga kelele, kwa mbwa hakuna mchezo unaozidi huo. Kwa hiyo: kamba, wiki kadhaa, umpitishe penye kuku wakiwa wanakula wametulia, dagaa mkononi, kama kwa paka. Usimfungie kuku aliyekufa shingoni. Nimeona watu wanafanya, mbwa hajifunzi kitu ila kunuka. Vifaranga usimwamini navyo hata awe mstaarabu vipi. Mbuzi wenye pembe hujieleza wenyewe.

La mwisho, muda. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, sivyo? Mbwa msimpe jembe siku ya tatu. Watu wengi wananipigia wakisema, "Bwana mifugo, mpole kama nini, hata paka hamtazami, tumeshamfungua." Siku hizo za mwanzo anaogopa. Hajajua yuko wapi. Ukimya wake si tabia yake. Tabia itatoka wiki ya 3, hata mwezi wa 3, akishajiona yuko kwao. Kwa hiyo kamba isitoke haraka kwa sababu ya upole wa wiki moja, na msiwaache peke yao, mbwa na paka, mpaka muwe mmewaona pamoja mara nyingi mno kwa amani.

Na katika kumtazama mgeni, mtazameni mwenyeji. Paka anayekojoa kitandani hana adabu mbaya, ana woga. Anayejilamba mpaka ngozi inaonekana, woga. Asiyekula siku 2, mleteni, hasa akiwa mnene, maana paka mnene akikaa na njaa ini lake huharibika upesi. Mbwa mzee aliyekuwa akikupokea getini, sasa haji, anajilaza nyuma ya tangi la maji, huyo naye anakuambia kitu.

Ikishindikana? Hushindikana. Mtafutieni mgeni nyumba nyingine isiyo na paka, mseme ukweli kwa anayemchukua. Haina aibu. Aibu ni kumpakia kwenye gari usiku ukamtupe kwenye mashamba ya mkonge, akazaane huko, arudi kijijini na njaa yake na magonjwa yake. Najua wanaofanya hivyo, na wao wanajua kwamba najua.

Nitajibu maswali yenu huku tunachanja. Waliokuja na mbwa, foleni inaanzia kwenye ule mti upande wa barabara. Kila mbwa na kamba yake, hatua tano kati ya mmoja na mwenzake, wasielekezane uso. Wenye paka kwenye vikapu, pitieni mlango wa nyuma, nyie ndio wa kwanza. Na yule kijana mwenye shati jekundu: mnyororo, baba, mnyororo ulegee.